Majina Matano, Nafasi Sawa

Jumatatu, 9 Juni
Kadi za harusi, mia mbili. Mteja anataka maua zaidi. Nimewasha gridi kwenye kompyuta, maua yananasa yenyewe kwenye mistari. Saa nane Baba Mdogo amepiga kutoka Mlali. Baba amefariki. Nikasema sawa. Nikamalizia kadi. Sijalia.

Jumanne, 10 Juni
Mazishi Alhamisi. Ratiba ya ibada natengeneza mimi, nani mwingine? Kiolezo ninacho, nusu ya marehemu wa mji huu wamepitia humo. Picha, tarehe, nyimbo, wasifu. Nimebadilisha maneno tu. Nusu saa nzima sikuhisi kitu.

Watoto wa marehemu: sita. Watano wa Mama, na Elia, ambaye Baba alimzaa huko Chemba alipokuwa akifuata minada ya ng'ombe. Sote tunamjua. Ndiye aliyekaa naye hospitali miezi mitatu. Sisi tulikuwa tunapiga simu.

Jumatano, 11 Juni
Baba Mdogo amekuja ofisini kukagua kabla sijachapa. Anasoma kwa kidole. Kwa Elia kidole kikasimama.

"Huyu mtoe. Mama yako asomewe hilo mbele ya kanisa zima?"

"Baba Mdogo, si ndiye aliyemuuguza?"

"Nimeshasema, mwanangu."

Nikafuta. Likabaki pengo kati ya jina la tatu na la nne. Nikachagua majina yote, nikabonyeza kitufe cha kugawa nafasi sawa. Yakasogea. Pengo halipo. Kazi safi, hata mimi nisingejua. Naona aibu, ila kwa mbali, kama ya jirani.

Nakala mia tatu.

Alhamisi, 12 Juni
Mlali. Upepo na vumbi. Mashada huwekwa kwa kuitwa jina, na mwongozaji hana majina mengine zaidi ya yaliyo kwenye ratiba. Nilijua. Nimetengeneza ratiba ngapi hadi leo!

Tukaitwa watano. Elia alikuwa ameshasogea, shada mkononi, shati jeupe limepigwa pasi. Akangoja. Mwongozaji akawaita wajukuu. Elia akaliweka shada kwenye majani, pembeni, akaenda kusaidia kupanga viti. Mama alimwona. Akatazama chini.

Mdomo ninao. Sikuufungua.

Jumamosi, 14 Juni
Nimerudi mjini. Kazi ya leo, bango la kinyozi. Watu wanasema pole, nasema asante. Chakula hakina ladha.

Jumatano, 18 Juni
Elia amepiga. Salamu ndefu: Mama anaendeleaje, kazi inaendaje, baridi huko ikoje. Kisha:

"Dada, naomba ratiba kama kumi hivi. Kuna watu huku Chemba walimpenda Mzee, hawakuweza kufika."

Ameisoma ratiba ile, najua, siku ya mazishi alikuwa nayo kwenye mfuko wa shati. Bado anaiomba.

Nimefungua faili. Nikaandika jina lake chini ya la tatu, mahali pake kwa umri. Nikagawa nafasi. Majina yakajibana kidogo, yakatosha yote sita.

Nimechapa kumi. Chemba watasoma sita. Mlali wana mia tatu zenye watano, na sitazikusanya, wala sitamwambia Baba Mdogo. Naogopa tu.

Nimezipeleka stendi mwenyewe. Mtu wa basi akauliza mzigo gani. Nikasema karatasi.