Mstari Nilioufuta

Buyenzi, Bujumbura

Mke wangu, Mama Mwanaidi,

Pokea salamu zangu za mbali. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba paa la jikoni limehimili mvua za mwaka huu. Mimi ni mzima wa mwili. Nimeamua kuandika kwa sababu jambo hili ningeshindwa kulisema kwa simu.

Bahati amefariki dunia. Ndiye yule mfasiri mwenzetu kutoka Uvira niliyekusimulia, aliyetuwekea utaratibu ofisini. Kompyuta ni mbili nasi tu wanne, hivyo tunafanya kazi kwa zamu. Kwa kuwa mtandao hupotea mara kwa mara, Bahati alikataa programu za kifahari. Alitufungulia faili moja la maandishi matupu, linalofunguka katika kompyuta yoyote: kila kazi mstari mmoja, jina la mwenye kazi, na siku ya kuimaliza. Humo tukaachiana maagizo. Mimi, kwa sababu ya ualimu wangu wa zamani, nilikabidhiwa kulisafisha kila Jumatatu.

Jumatatu moja nilikuta mstari huu: "Kifua kinanibana tangu juzi. Nani ataweza kunipokea kurasa za Ijumaa?" Haukuwa na jina wala siku, lakini kurasa za Ijumaa zilikuwa za Bahati, nami nilijua. Niliufuta. Mahali pake niliandika: "Faili hili ni la kazi. Ya nyumbani yabaki nyumbani."

Kurasa zile alizimaliza mwenyewe, Ijumaa, kwa wakati. Jumapili akafariki.

Kilio kilikuwa kwake, Bwiza. Mwenzetu Mama Goreti alikuwa amechapisha mistari yote ya Bahati ili isomwe mbele ya wafiwa. Akanisukumia karatasi.

"Soma we, Mwalimu. Sauti yako hata wenye kulala wanaisikia."

Sikuweza. Nilimwita mjane kando, nyuma ya nyumba, nikamweleza nilichokifanya. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, mi najua," alisema. "Aliniambia siku ile ile. Alicheka sana. Alisema, 'Muzee amenipangusa kama chaki kwenye tablo ya masomo.' Nikamwambia, andika tena, muzee atakuelewa. Akasema, 'Apana, nitamusumbua.'"

Hakunilaumu. Alinishika mkono akanirudisha kwa watu, nami nikasoma. Ilikuwa kazi tupu, Mama Mwanaidi: kurasa, majina, siku. Watu waliitikia kwa vichwa, lakini mama mzazi wa Bahati aliuliza, "Na yeye mwenyewe, hakuandika kitu?" Mjane alinitazama, akanyamaza kwa ajili yangu. Ikabidi niseme mwenyewe, mbele ya wote, kwamba aliandika nami nikafuta. Mama yule alijifunika uso kwa kitenge chake.

Nisalimie mjomba wangu Mzee Rashidi, binti yetu Mwanaidi na mumewe, na yule jirani fundi cherehani anayekusaidia kuchota maji. Mwambie dada yangu mkubwa kwamba ninamwombea.

Nawe, kila nikikuuliza hali yako hunijibu "sijambo", na miaka yote hii nimeridhika na jibu hilo. Nakuomba uniandikie panapokuuma. Andika upendavyo, bila mpangilio wowote. Nitasoma yote.

Mumeo,
Mwalimu Salehe