Karatasi ya Jua Iliyodhaniwa Kuibwa

Jina: Syamala Kurup. Umri: miaka 61. Elimu: darasa la saba. Kazi: mshonaji. Makazi: Pettah, Thiruvananthapuram.

Binti yangu Remya anapeleka umeme angani, afande, na hakuna kilichoibwa! Sasa ndiyo nakusalimu.

Mnamo Jumapili, tarehe 28 Septemba, Remya alinionyesha karatasi nyeusi waliyoitengeneza kazini kwao, nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Imesukwa kwa nyuzi za kaboni zisizoonekana kwa macho. Inakunywa jua na kulitunza, ili chombo cha angani kisizimike kikiingia kwenye kivuli cha dunia. Tuliianika uani kama papadamu, vile vikaki vyembamba vya unga wa dengu. Jumatatu alikwenda Bengaluru, akaniachia karatasi ndani ya kopo la biskuti, dereva wao Shibu aje kulichukua kesho yake.

Jioni hiyo ndipo tunapoweka vitabu na vifaa vya kazi mbele ya Saraswati, mungu wetu wa elimu, vipumzike bila kuguswa hadi asubuhi ya Vijayadashami, sikukuu ya leo. Niliweka mkasi wangu. Nikajiuliza, kifaa cha mwanangu kina kosa gani? Nikaitoa koponi, nikaiviringisha kwenye hariri nzito, nikaiweka chini ya vitabu. Simu nayo nikaizima ipumzike, maana ndiyo inayoniletea wateja.

Jumanne saa moja asubuhi nilimpa Shibu kopo tupu. Nilijua hakuna mwenye akili zake atakayelifungua kabla ya sikukuu kwisha. Kumbe kazini kwao walilifungua.

Leo Alhamisi, tarehe 2 Oktoba, saa mbili asubuhi, Remya aliingia mbio. "Mama! Shibu yuko ndani tangu jana, na wewe hupatikani!"

Nikamwambia, "Usinipigie kelele mbele ya mungu. Chukua karatasi yako."

Aliiunganisha na taa ndogo palepale. Ikawaka. Akakaa sakafuni, analia huku anacheka. "Mama, gizani siku zote hizi! Sisi tuliogopa umeme wake ungevuja wote kwa usiku mmoja tu."

Shibu hakuiba. Nimemwomba radhi hapa kituoni. Amenijibu, "Mama, ningekuwa mwizi, ningeiba kopo lenye biskuti."

Nimesema niliyoyaona na niliyoyafanya kwa mikono yangu.

Sahihi: Syamala Kurup

Maoni ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake, akayakubali, ila alitaka niandike "hodari" kila penye jina la binti yake. Nimekataa. Shibu ameachiwa. Shahidi hataki kuondoka mpaka niandike pia kwamba karatasi inarushwa angani mwezi ujao, na kwamba kituo kizima, Shibu akiwa wa kwanza, tunangojwa kwake kula payasam, uji mtamu wa maziwa wa sherehe, Jumapili, tarehe 9 Novemba.

Inspekta Jalaja Menon