Daktari wa Meno Aliyemuulizia Mama

Kwako kaka yangu mkubwa, fundi wa mbao usiye na mpinzani,

Pokea salamu nyingi kuliko maranda yaliyojaa karakanani kwako. Shemeji hajambo? Watoto je? Na mgongo wako, bado unakusumbua ukiinama kupiga randa? Mimi ni mzima, nimenenepa, na nikipita mtaani watu wanageuka. Najua unashangaa kupata barua kutoka kwa mtu wa simu kama mimi. Kwa simu tunaharibu: mimi naanza utani, wewe unacheka, salio linaisha, na la maana halijasemwa.

Kwanza kazi yangu. Nimesikia ulimwambia shemeji kwamba nalipwa kwa kuchezea simu. Nimekusamehe, hujui. Ofisi yetu inatunza kurasa za mitandaoni za wafanyabiashara: duka la magodoro, saluni, muuza pampu za maji na kliniki ya meno. Tuna programu moja inayozivuta kurasa zote kwenye skrini moja, kila ukurasa na safu yake, zimesimama bega kwa bega kama mbao ulizoziegemeza ukutani. Katikati nimekaa mimi. Mtu akilalamika godoro limebonyea, namtuliza. Papo hapo napanga picha ya nywele itoke jioni, kisha namjibu mwenye jino. Mimi niliyeiaga shule kabla haijanifukuza, leo nasema kwa niaba ya daktari. Sijisifu, ila ndivyo ilivyo.

Sasa, pembeni kabisa nina safu moja ambayo hakuna mteja anayeilipia. Ni ukurasa wako, ule aliokufungulia binti yako, wenye video zako ukiranda na kuunga viti. Kaka, mimi sitazami viti. Nasikiliza. Nanyamazisha safu zote nabakiza yako, kwa sababu nyuma ya msumeno wako kuna mama. Anakugombeza kwamba vumbi lako linaingia kwenye nguo alizoanika. Anauliza nani kachukua sufuria dogo, halafu analikuta mkononi mwake mwenyewe. Nikipiga simu mama huniambia wote wazima. Hata nyumba ingekuwa inaungua angesema wote wazima, tena angeniuliza kama nimekula. Lakini kwenye video hajui kwamba namsikia, kwa hiyo ananung'unika kwa raha zake, nami huku nacheka peke yangu huku macho yakinijaa maji. Wenzangu nawaambia ni mwanga wa skrini.

Ikaja video ya kabati. Kabati zuri, milango inafunga bila kulia, lakini mama hayumo. Nikangoja ile ya meza, hayumo. Ile ya kitanda, msumeno tu, na kamba ya nguo nyuma yako haina hata leso. Nikapiga simu, mama akapokea, wote wazima.

Ndipo nikaandika chini ya video yako kuuliza mama yuko wapi, mbona hasikiki tena. Nikabonyeza. Programu hii ina ujinga wake: haijui moyoni mwako unasema kama nani, inajua tu jina uliloliacha limechaguliwa. Na mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kumjibu mwenye jino.

Naam, kaka. Kliniki ya meno iliyokuuliza habari za mama, ile yenye picha ya jino linalotabasamu, ni mimi.

Wewe ukadhani ni yule daktari aliyemng'oa mama jino. Ukamwandikia faraghani, kwa heshima zako zote, kwamba miguu ya mama imekataa, siku nyingi yuko chumba cha ndani, na siku nyingine anamwita kijana wako kwa jina langu. Ukasema mdogo wako hujamwambia, kwa kuwa ana kazi nzuri na atakuja mbio aiache. Ukamshukuru daktari kwa kujali, na ukauliza kama wanapunguza bei ya meno ya bandia. Nilisoma kila neno. Mimi uliyenibeba mgongoni, ilibidi niwe daktari wa meno ndipo uniambie ukweli. Sikulaumu. Nami miaka yote hii nilikuwa nakuambia kwamba huku ni raha tupu, wakati natega masikio nimsikie mama akitafuta sufuria.

Bosi wetu aliyaona mazungumzo hayo, maana ujumbe wote huingia sanduku moja. Akaniuliza tangu lini kliniki inaulizia mama za watu. Nikatoa mzaha, hakucheka. Akauliza ni mama wa nani. Nikasema ni wangu, safari hii bila mzaha. Akasema safu zina watu wa kuzitazama, niende nikamwone.

Barua hii nampa dereva wa lori la magodoro, anapita kwenu. Safari yake inayofuata nimo, nimeshapewa kiti cha mbele. Nilitaka kukuomba usimwambie mama, nimshtukize. Nimeghairi. Mwambie leo hii, ukishaisoma tu. Mwambie nakuja, awe na mtu wa kumsubiri. Na akianza kunung'unika kwamba nimechelewa, zima msumeno, umwache anung'unike.

Msalimie shemeji, wapapase watoto vichwa kwa niaba yangu, na huyo kijana wako mwambie aendelee kuitika mpaka nifike.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Mapepe