Karavani Mkabala na Chumba cha Kufulia

Rotherham, 4 Septemba

Mwanangu Maxine,

Hujambo? Na mjukuu wangu Toby hajambo? Mimi mzima, ila goti linalalamika kama kawaida yake.

Nina jambo, nakuomba usicheke. Nataka kununua karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu, kule pwani Mablethorpe, kwenye kambi ileile ya likizo tulikokodi kila kiangazi enzi za mama yako. Ni ya safu ya mbele, dirisha zima bahari. Muuzaji alipofungua mlango jua liliingia mpaka jikoni, nikamwona mama yako Edna kabisa ameketi pale. Nyumba hii imenishinda, mwanangu. Tangu atuache, kutwa redio tu ndiyo inayoniongelesha.

Wasemaje?

Baba yako

Leicester, 9 Septemba

Baba mpendwa,

Sisi hatujambo. Hilo goti lipeleke kwa daktari.

Sicheki, naogopa. Likipigwa jua hata banda la kuku hupendeza. Mama hayupo kwenye lile dirisha, Baba. Utakaa peke yako ukitazama maji, nami niko mbali. Fanya hivi: kodi wiki moja mwezi wa Oktoba, mvua ikinyesha. Ukiipenda hivyo, sitasema neno.

Mwanao, Maxine

Leicester, 28 Oktoba

Baba,

U mzima kweli? Wiki yako huko kambini iliisha zamani na hata kadi sijaona. Simu inalia bure. Toby anauliza kama babu kapeperushwa na upepo. Kama umenuna, andika kwamba umenuna.

Mwanao

Mablethorpe, 31 Oktoba

Mwanangu,

Ni mzima, niwie radhi. Simu niliisahau Rotherham.

Ulisema kweli. Mvua haikukatika, karavani ikatikisika, na bahari yenyewe sikuiona kwa ukungu. Sikuona mtu wala mbwa. Siku ya pili nililia, sikufichi. Kisha nikabeba nguo zilizolowa nikaenda chumba cha kufulia. Nusu ya kambi ilikuwa humo, na viti vyao, birika na biskuti, wakingoja mashine. Mama mmoja, Beryl, akanisogezea kiti.

"Wewe ndiye wa safu ya mbele? Pole," akasema. "Huko wanatazama bahari. Sisi huku tunatazamana."

Nimeongeza siku, na nimenunua, Maxine. Siyo ile. Hii iko mkabala na mlango wa chumba cha kufulia, kuukuu kidogo, dirishani naona kamba za nguo tu. Kila apitaye na kapu hunigongea, na jioni tunacheza dhumna. Nina furaha, mwanangu.

Ila kambi hufungwa Januari na Februari, hakuna ruhusa ya kulala. Kurudi kwenye ile redio sitaki, na kukuomba naona haya.

Baba yako

Leicester, 5 Novemba

Baba mpendwa,

Hatujambo, na sasa nalala usingizi. Haya ya nini? Toby ameshakupisha kitanda chake, ila anataka uje na dhumna. Januari na Februari ni zetu. Machi tutakurudisha wenyewe, na nguo zetu chafu tutakuja nazo.

Mwanao, Maxine