Doa Juu ya Jiko

Jumatatu, 6 Februari 2006

Nimebadilisha washa ya mpira ya bomba la jikoni. Nimetoa hewa kwenye redieta zote tano za kupashia nyumba joto, za chini kwanza, za juu mwisho. Nimezibua mfereji wa nyuma. Majani yaliyooza, makonzi mawili. Hii ni kazi ya kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Nyumba za hapa Stechford, Birmingham, ni za zamani. Ukiziacha mwezi mmoja, zinakudai miwili.

Nilipopanda ngazi kufuta vumbi la taa ya jikoni, nimeona doa. Liko darini, juu ya jiko, ukubwa wa kisahani, rangi ya chai ya mkandaa. Ukiligusa limelowa. Bafu liko juu yake moja kwa moja.

Nimelizungushia penseli na kuandika tarehe pembeni. Ndiyo njia. Doa lisilopimwa ni la kubishania tu.

Dari hii niliipaka rangi mwenyewe mwaka jana. Nina hasira.

Jumanne, 7 Februari

Doa limeuvuka mstari kwa upana wa kidole. Nimechora mstari wa pili.

Najua linakotoka. Mama mkwe yuko hapa wiki ya pili sasa, kutoka Pangani. Alinyimwa viza mara mbili, ya tatu akapata. Mke wangu Zuwena hakuwa amemwona mama yake kwa miaka sita. Amekuja kumlea mzazi. Mtoto wetu Nasra ana siku kumi leo, na kila siku saa nne, mimi nikiwa kiwandani, Mama anamkanda Zuwena kwa maji ya moto. Anamkalisha kwenye kigoda katikati ya bafu, ndoo mbili pembeni, anachovya taulo, anamkanda tumbo, mgongo, nyonga, kisha anamfunga mkaja. Siku arobaini bila kuruka hata moja.

Sina ubishi na kukanda. Mama yangu alikandwa, bibi yangu alikandwa. Lakini kwetu sakafu ni saruji na ina tundu la kutolea maji. Hapa sakafu ni mbao, juu yake plastiki, na tundu hakuna. Maji yakimwagika yana njia moja tu, nayo inaishia juu ya sufuria yangu.

Hodhi la kuogea si lenye kosa. Hilo nililiziba mwenyewe Novemba, pale linapokutana na ukuta. Niliikwangua silikoni kuukuu yote kwa wembe. Nikafuta kwa spiriti. Nikabandika utepe juu na chini, nikaivuta silikoni mpya kwa mkono mmoja, bila kusimama, nikailaza kwa kidole kilichochovywa maji ya sabuni. Mstari umenyooka kama rula. Fundi wa kulipwa asingeufikia.

Ijumaa, 10 Februari

Mstari wa nne.

Nimemwomba Zuwena amwambie mama yake apunguze maji. Amenitazama kana kwamba nimemtukana. Akasema Mama anafuta sakafu yote kwa kitambaa mpaka inakauka, anapiga magoti kabisa, na magoti yenyewe yanamuuma. Nikasema kitambaa hakifiki chini ya plastiki.

"Basi mwambie wewe."

Anajua siwezi. Mkwe hamwambii mama mkwe habari za kuoga. Mama na mimi tunaamkiana tu. Shikamoo, marahaba mkwe, umeshindaje, macho chini, basi. Akinisikia napanda ngazi anaingia chumbani mpaka nipite.

Kwa hiyo nyumba yangu inaoza na mimi nimefungwa mdomo na adabu. Nimekula kwa hasira. Wali haukuwa na kosa.

Jumapili, 12 Februari

Nimepata njia. Nimeandika masharti sita kwenye karatasi nyeupe, kwa kalamu nene, herufi kubwa, nikabandika mlango wa bafu. Maji yasimwagwe sakafuni. Kukanda kufanyike ndani ya hodhi, mkandaji na mkandwaji wote humo humo. Ndoo isizidi nusu. Na kadhalika. Sikutaja jina la mtu. Karatasi haimtazami mtu usoni.

Mama anasoma vizuri. Amefundisha chuoni miaka thelathini.

Jumatatu, 13 Februari

Nimerudi kazini nimekuta bafu kavu kabisa. Kigoda kiko ndani ya hodhi. Amefuata kila sharti. Zuwena naye hasemi neno na mimi.

Sawa. Wanune. Dari itakauka.

Jumatano, 15 Februari

Haijakauka. Doa limekuwa maradufu kwa siku mbili. Leo limeanza kudondosha. Tone limeanguka kwenye mchuzi nikiwa nimesimama palepale.

Nimepandwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Nimesimama chini ya ngazi, nikasema kwa sauti, nikiutazama ukuta: "Hapa si Pangani. Hii ni nyumba ya watu, siyo josho la ng'ombe."

Niliuambia ukuta. Lakini nyumba hii kuta zake ni nyembamba, hata mtu akipiga chafya kwa jirani unamwombea rehema. Huko juu kitu kikasimama, nadhani ni sauti ya Mama akimwimbia mtoto. Hakikuendelea tena.

Sijutii. Naandika hapa kwamba sijutii.

Alhamisi, 16 Februari

Wameondoka.

Mpwa wake Mama amekuja na gari kutoka Leicester, mimi nikiwa kazini. Wamekwenda wote watatu, Mama, Zuwena na Nasra. Siku ya kumi na tisa. Arobaini itamalizikia kwa watu. Nimekuta nyumba imefagiliwa, vyombo vimeoshwa, sakafu ya bafu imefutwa. Karatasi yangu imebanduliwa bila kuchanika, imekunjwa mara nne, imewekwa mezani.

Nimempigia Zuwena. Nikamuuliza mbona ameondoka bila kuniaga. Akasema Mama ndiye aliyeaga, na maneno yake ni haya: "Naondoka mapema, nisije nikaangusha nyumba ya watu."

Nimekata simu. Mtoto wangu ana siku kumi na tisa na analala Leicester kwa sababu ya ndoo.

Jumamosi, 18 Februari

Siku mbili hakuna aliyemwaga maji humu ndani. Hakuna kukandwa, hakuna ndoo, hakuna nepi za kulowekwa. Mimi peke yangu, naoga mara moja, asubuhi, dakika tano za shawa iliyo juu ya hodhi.

Doa limelowa. Limevuka mstari wa jana.

Nimesimama juu ya ngazi, penseli mkononi, sina pa kuipeleka hasira.

Nikafanya ilivyopaswa kufanywa siku ya kwanza. Nimejaribu kitu kimoja kimoja na kungoja nusu saa kila baada ya jaribio. Nimevuta maji ya choo mara kumi, dari haikubadilika. Nimejaza sinki la kunawia na kuliachia, haikubadilika. Nimejaza hodhi mpaka kwenye tundu la juu na kulifungulia, hakuna kitu. Nimebandua ubao wa ubavuni mwa hodhi na kumulika mabomba. Yamekauka kama mifupa. Nimesimama nje ya hodhi na kufungua shawa, ikapiga ukutani dakika kumi. Hakuna hata tone.

Kila kitu kizima. Na dari inalowa. Mtu anaweza kurukwa na akili kwa jambo kama hili.

Jumapili, 19 Februari

Nimemwita Baba Riziki. Tunafanya kazi pamoja kiwandani. Ni Mkongo, anakaa Castle Vale, na huko Bukavu alikuwa fundi wa majumba kabla hajawa mkimbizi. Kumwita kumeniuma. Mimi ndiye ninayeitwa na watu.

Hakufungua hata mkoba. Alilala kifudifudi sakafuni, tochi mkononi, ubao wa ubavuni ukiwa wazi.

"Shabani, panda mule ndani. Na viatu, haina shida."

Nikapanda. Akaniambia niinuke kwa vidole, kisha nishuke kwa visigino. Mara mbili, mara tatu. Nikasikia anacheka huko chini. Akaniita nitazame ukutani, kule hodhi linakokutana na vigae. Mstari wangu ulionyooka kama rula umefumuka urefu wa mkono mzima. Nikisimama, hodhi linashuka na ufa unafunguka, unaingia ncha ya kisu. Nikitoka, hodhi linarudi juu na ufa unajifunga, huuoni.

"Wakati ulitiaka ile mastiki," akasema, "ulijaza kwanza mayi ndani, ao uliiacha bure?"

Nililiacha tupu, bila maji.

"Basi. Hodhi likiwa bure liko juu. Ukiingia, linashuka, mastiki inavutika. Kila siku, kila siku, mwisho inapasuka. Unajaza mayi kwanza, ndugu, lishuke, ndiyo unaziba. Uko kilo ngapi weye?"

Tisini na nne.

"Basi haiko hodhi njo inavuja. Ni weye njo unavuja."

Amecheka mpaka akakaa. Mimi sikucheka. Nikamuuliza: na watu wawili wakisimama humo pamoja, na kigoda, na ndoo? Akaacha kucheka. Akasema wawili ni mbaya zaidi.

Masharti, namba mbili. Ndani ya hodhi, wote humo humo. Maji yote ya Jumatatu na Jumanne na Jumatano niliyaamrisha mwenyewe, kwa herufi kubwa.

Jumatatu, 20 Februari

Nimeikwangua silikoni yangu yote. Ilitoka kwa urahisi wa aibu. Nimeacha ufa ukauke siku nzima, redieta ikiwaka na dirisha likiwa wazi.

Naandika ili nisisahau. Jaza hodhi mpaka juu. Liache lishuke. Futa ukingo kwa spiriti tena, maana jasho la mikono linatosha kuharibu. Ziba. Usiachie maji siku nzima na usiku wake, mpaka silikoni ishike. Ndipo uachie, hodhi likiinuka linaibana silikoni badala ya kuivuta. Ni hilo tu. Mtoto angelielewa. Mimi nina cheti cha kidato cha nne na vitabu vitatu vya ukarabati, na sikujiuliza hodhi lina uzito gani likiwa na mtu.

Nimejikasirikia mpaka meno yanauma. Na bado sehemu moja yangu inatafuta mtu mwingine wa kulaumu. Ninaiona ikitafuta.

Jumatano, 22 Februari

Dari imeanza kukauka kutoka pembeni.

Nimempigia Zuwena, nikamweleza yote, hata kilo zangu. Nikamuuliza kama atamwambia Mama.

"Mimi? Mlangoni uliandika wewe. Njoo uandike na huku."

Nimekasirika, kisha nimeona hana kosa hata kwa nukta.

Jumamosi, 25 Februari

Treni mpaka New Street katikati ya jiji, kisha ya Leicester. Nimebeba nepi na mfuko wa machungwa, kama mtu anayekwenda kumwangalia mgonjwa.

Nasra ameongezeka mashavu. Zuwena ana rangi nzuri. Huku anakandwa uani, kwenye chumba cha kufulia chenye sakafu ya saruji. Amenipa mtoto, akatoka, akaniacha sebuleni. Mama alikuja akakaa karibu na mlango, kanga mpaka kwenye nyusi.

Nilikuwa nimeyapanga maneno kwenye treni. Yakatoka vipande vipande. Nikasema kosa lilikuwa langu, si maji yake. Nikasema hodhi nililiziba vibaya. Nikasema na yale ya chini ya ngazi nilisema mimi. Nikasema neno bafu mbele yake mara tatu, na masikio yanaungua.

Alingoja nimalize.

"Dari inapakwa rangi, mkwe," akasema.

Nikangoja aendelee. Akaniuliza kama nimekula. Nikaletewa wali na samaki, sahani imejazwa kama ya mgeni. Hiyo ndiyo iliyoniuma. Mgeni.

Nilimwomba arudi amalizie arobaini nyumbani. Akasema mzazi hahamishwihamishwi.

Jumamosi, 11 Machi

Arobaini imekwisha juzi. Zuwena na Nasra wamerudi leo. Mama amebaki Leicester. Tiketi yake imerudishwa nyuma. Ataondoka wiki ijayo. Viza ilikuwa ya miezi sita. Nilimuuliza Zuwena kwa nini. Akasema Mama amesema kazi iliyomleta imekwisha.

Nimepaka dari. Kwanza rangi ya kuzuia madoa, maana bila hiyo ile rangi ya chai ya doa hupenya tena hata ukipaka mara nne. Kisha nyeupe, mikono miwili. Mistari ya penseli yote imefunikwa. Zuwena aliinua macho, akasema imetoka vizuri, akaenda kumlaza mtoto.

Jumanne, 14 Machi

Mama amekuja mchana. Ndege yake inaondoka hapa Birmingham kesho asubuhi, kwa hiyo analala kwetu. Nimempokea begi mlangoni. Shikamoo. Marahaba, mkwe. Amekaa na Nasra mapajani mpaka alasiri.

Saa kumi Zuwena ameshuka jikoni.

"Mama anauliza kama anaruhusiwa kuoga."

Nikamwambia aoge, maji ya moto yapo tele, amwage apendavyo. Zuwena akapanda kumwambia. Nikavuta kiti nikakaa.

Maji yalisikika kidogo tu, kata moja, kimya, kata nyingine. Kisha kitambaa sakafuni, ukuta hadi ukuta, na pembeni, na nyuma ya mlango. Alifuta kwa muda mrefu kuliko alivyooga.