Malkia Aliyelegeza Mkanda

Hawe,

Shikamoo, nyanya yangu, huko uliko. Ni mimi somo yako Sidi, mjukuu uliyenirithisha jina na, kama asemavyo Shangazi Kadzo, ubishi pia. Huu mwezi wa nane tangu tukuzike hapa Mwakirunge, nyuma ya nyumba, na sijapata mtu wa kubishana naye mbele ya televisheni. Natazama taarifa ya habari kimya kimya kama mtu aliyeadhibiwa.

Unakumbuka vita vyetu? Kila alipotokea malkia au binti mfalme, uliuliza, "Huyu ni wa wapi?" Nikishindwa kujibu kwa kutazama nguo zake, kesi imekwisha: "Basi huyo si malkia, ni mwalikwa tu." Ulitaka wake wa wafalme wote wavae mavazi ya kwao, ndipo watu wao wajulikane. Nami nilikujibu kwamba mfalme mwenyewe kavaa suti na hujamuuliza ni wa wapi. Ulicheka mpaka ukaomba maji.

Hukujua kwa nini nilikuwa mkali hivyo. Nilikuficha, Hawe. Kazi yangu kule hotelini Bamburi si ya kuandika majina ya wageni kama nilivyokwambia. Nasimama mlangoni nimevaa hando, sketi ya marinda kama yako, ila hili ni la hoteli, kitambaa kigumu kilichokazwa kiunoni hata pumzi haipiti, natikisa mabega ngoma ikilia wageni wakishuka garini. Meneja, mwanamke kama mimi, yuko kando na suruali yake nzuri. Niliona haya kukwambia kwamba vazi ulilovaa ukilima mihogo, mimi navalishwa kama pambo.

Sasa sikiza. Mwezi uliopita alikuja malkia wa kweli. Nchi yake tulikatazwa kuitaja, ila wewe ungeijua kwa nguo tu. Alishuka na vazi la kwao, tabaka juu ya tabaka, mkanda mpana kiunoni, shanga nzito shingoni, na jua la saa saba hilo! Mumewe alivaa suti nyepesi. Nikasema moyoni, Hawe ameshinda, maana alipendeza hata wapishi wakatoka jikoni kumtazama.

Baadaye niliingia choo cha wanawake kulegeza kamba zangu. Nikamkuta malkia humo, ameshika sinki, anahema. Akanitazama kiuno, akageuka akanipa mgongo: "Dada, nisaidie kufungua." Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga, lakini shida yake niliielewa vizuri mno. Nikamlegezea mkanda, naye akanilegezea kamba. Tukavuta pumzi, kisha tukaangua kicheko. Malkia, Hawe, anacheka mpaka wanja unamvuja! Nilimuuliza kama analipenda vazi lile. Akasema la nyanya yake analipenda sana, ila hili limeshonwa kwa ajili ya picha.

Maneno hayo yalinichoma, kwa sababu meneja alikuwa ameniomba hando lako, lile la kwenye sanduku la bati, aliangike ukutani pale mapokezi. Nami nilishakubali. Lilikuwa tayari kwenye kikapu, nilipeleke asubuhi.

Jioni ile nililitoa nikalivaa. Jepesi, Hawe! Limelainika kwa miaka ya kufuliwa, halibani popote, linacheza nikitembea. Nikakukumbuka ukipita na ndoo kichwani, hakuna ngoma, hakuna mpiga picha, wala humwakilishi mtu. Umevaa nguo zako tu. Nililia kidogo. Kisha yule kuku wako mwenye kiburi akaingia, akanidonoa mguu akidai mahindi. Nadhani alifikiri umerudi.

Basi hukumu yangu ni hii: malkia avae vazi la kwao siku anayolitaka mwenyewe, na siku asiyolitaka avae suruali apumue. Nusu umeshinda, nusu nimeshinda. Usinune.

Meneja nimemkatalia. Yeye ndiye aliyenuna, siku mbili, na sasa anataka kuliona tu kwa macho. Atasubiri sana. Jumapili hii nakwenda nalo kanisani, kisha sokoni kununua dagaa, bila ngoma.

Pumzika, somo yangu. Nakuahidi nitalivaa mpaka lichakae, halafu nitalitia viraka niendelee. Na akitokea mtu wa kuuliza, kama ulivyouliza wewe, huyu ni wa wapi, atajibiwa: wa Hawe.

Sidi