Urefu wa Bomba

Mwenzangu, nimejifungia chooni hapa kazini. Roho iko juu juu.

Ile hesabu yangu ya kupasua mwamba kwa presha ya maji, ile bosi aliyonisifia mbele ya watu? Nimekosea. NIMEKOSEA.

Kisima cha mafuta kimepinda kule chini. Mimi kwenye kina nimeweka urefu wa bomba. Urefu wa bomba, ambao kwa kupinda unazidi kina chenyewe! Kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kumbe mwamba uko juu kuliko nilivyosema, na ufa unaweza kupanda hadi kwenye maji ya visima vya watu. Cha shangazi yako kikiwemo.

Na wanasukuma maji humo tangu asubuhi.

Nikampigia msimamizi wa pampu. "Kaka, zima. Zima sasa hivi!"

Bora angenifokea.

Akasema taratibu, "Dada, afadhali umepiga. Presha imeshuka ghafla dakika kumi zilizopita. Tulitaka tukuulize wewe, haya maji yanakwenda wapi?"

Yanakwenda wapi, ananiuliza mimi!

Mpigie shangazi. Mwambie asichote.